Nilimwambia Mjomba Ni Gesi Tu



Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya kuhifadhi data kwenye simu mtandao unapokatika. Ipo, nusu yake nimeshaiandika. Lakini juma lililopita nilikuwa Makueni kwa mjomba wangu, na tangu nirudi Kitui kila nikifungua kompyuta nakuta mawazo yako kule kule. Basi leo hakuna msimbo. Leo ni habari za kifua, na kosa moja nililolifanya mimi mwenyewe, kwa simu yangu mwenyewe.

Niseme mapema ili tusikoseane: mimi si daktari. Nina miaka 28, nina digrii ya sayansi ya kompyuta, na kazi yangu ni kuandika programu. Ya kitabibu yaliyomo humu nimeyapata kwa kusoma na kwa kuwasumbua madaktari kwa maswali baada ya mambo kuharibika. Ningeyajua kabla, nisingekuwa na makala hii ya kuandika.

Kesi ya kwanza: mimi

Juni 2024. Nilikuwa na mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo ambao ulipaswa kuwa tayari Jumatatu. Mnajua wenyewe siku kama hizo: unakula mezani, unakunywa soda mahali pa maji, unalala saa tisa usiku na shingo imekakamaa. Usiku wa nne maumivu yakanishika kifuani, upande wa kushoto. Yalikuwa makali kama kisu. Nikivuta pumzi, kisu kinazama zaidi. Moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikatetemeka, vidole vikafa ganzi.

Nikafanya kile ambacho kila mtu wa kazi yangu hufanya: nikauliza mtandao. Mtandao ukaniambia nakufa. Nikampigia jirani mwenye Probox, akanipeleka hospitali huku nimejikunja kiti cha nyuma nikiwaza nani atamaliza ule mfumo.

Hospitalini nesi alinipima presha, akanibana kidole kwa kile kifaa cha kupima oksijeni, kisha akanibandika waya kifuani, mikononi na miguuni akapiga ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo. Afisa wa kliniki akaisoma karatasi taratibu. Akaniuliza kama navuta sigara, kama nina presha au sukari, kama mzazi wangu amewahi kuugua moyo. Mwishowe ndipo akaweka kidole kimoja kwenye ubavu, pale unapokutana na mfupa wa katikati ya kifua, akabonyeza. Niliruka kitandani.

"Ni hapo?" akauliza.

"Hapo hapo."

Ilikuwa ni uvimbe kwenye gegedu linalounganisha mbavu na ule mfupa. Unauma kweli, lakini hauui. Zile ganzi za vidole zilitokana na hofu: ukipumua haraka haraka unafukuza kaboni dioksaidi nyingi mno mwilini, na vidole na midomo hufa ganzi. Akanipa dawa ya maumivu, akanipa na dawa ya asidi kwa sababu ya zile soda na kula usiku wa manane, akaniambia nilale. Nilirudi nyumbani nimeona aibu. Niliwasimulia jamaa zangu wote, na wote wakacheka. Mjomba alicheka kuliko wote.

Kesi ya pili: mjomba

Mjomba wangu, ndugu mdogo wa mama, alikuwa na miaka 58. Anaishi upande wa Kathonzweni, Makueni, na ana maembe, ile aina tunayoiita apple. Desemba ndio wakati wa kuyavuna. Mwaka 2021 aliambiwa ana presha, akapewa dawa, akawa anazimeza siku anapozikumbuka.

Wiki mbili kabla ya siku ninayoisimulia, alikuwa akibeba kreti kutoka shambani kupanda hadi barabarani gari linapopakilia. Katikati ya mlima anahisi kifua kizito, anaweka kreti chini, anakaa kwenye jiwe, dakika tano uzito unaondoka. Anabeba tena. Watu wa nyumbani walisema ni umri, na kreti ni nzito. Hata yeye alisema hivyo.

Jioni moja Desemba 2024, kama saa mbili kasorobo, akanipigia simu. Tulizungumza Kikamba, mimi nawaandikia kwa Kiswahili.

"Ule ugonjwa wako wa Juni, ulikuwaje?"

"Kwani unaumwa, mjomba?"

"Siumwi. Ni uzito tu, hapa katikati. Tangu saa moja. Umepanda mpaka kwenye taya. Na jasho limenitoka, shati lote limeloa."

Nikamuuliza amekula nini. Akasema muthokoi. Nikacheka, kwa sababu nilikuwa na jibu tayari.

"Basi ni gesi tu, mjomba. Mimi nilidhani nakufa na ilikuwa mbavu na asidi. Tuma kijana kwa kemisti akuletee dawa ya asidi, kisha ulale umeinua kichwa."

Akatuma, akanywa, akacheua, akasema amepata nafuu kidogo. Nilirudi kwenye kazi yangu.

Saa tisa usiku akaanza kutapika na kuhema. Mkewe akatafuta gari kijiji kizima, na waliingia hospitali iliyo karibu saa kumi na moja alfajiri. Tangu uzito uanze saa moja jioni zilikuwa zimepita saa kumi.

Pale hawakupoteza muda. ECG ikapigwa mara moja, muuguzi akampa aspirini atafune, karatasi ya ECG ikapigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp kwa daktari aliyekuwa kwingine, na jibu likarudi baada ya dakika chache: mshipa unaolisha moyo umeziba. Ambulensi ikamkimbiza Nairobi. Huko waliuzibua mshipa kwa kupitisha mrija mwembamba kutoka mkononi, wakaweka stenti, ile sprinigi ndogo inayouacha wazi. Alipona. Lakini picha ya moyo ilionyesha sehemu ya ukuta wake haisogei vizuri tena. Nilipomuuliza daktari kama itarudi, alisema misuli ya moyo iliyokufa hairudi, iliyobaki ndiyo itakayobeba kazi.

Juma lililopita nilipokuwa kule, ni mimi niliyebeba kreti. Mjomba alikaa kwenye jiwe lile lile, akihesabu.

Nilikosea wapi?

Mtu wa programu anajua kwamba ujumbe wa hitilafu hutokea mahali programu ilipoanguka, na mara nyingi kosa lenyewe liko faili jingine kabisa. Tunafundishwa hilo mwaka wa kwanza. Kifua nacho ndivyo kilivyo. Neva zinazoleta habari kutoka moyoni huingia kwenye uti wa mgongo katika sehemu zile zile zinazopokea habari za mkono, bega na ngozi ya kifua, nyingine hupanda hadi njia zinazohudumia shingo na taya. Ubongo unapokea habari lakini haujui hasa zimetoka wapi. Ndiyo maana moyo ukikosa damu mtu anaweza kushika taya, au bega, au mkono wa kushoto, au kulia, au mgongo, au pale juu ya tumbo, akaapa kwamba ni chakula. Lakini ubavu wenye uvimbe unaonyesha mahali pake kwa ncha ya kidole.

Kosa la pili: nilipima hatari kwa ukali wa maumivu. Yangu yalikuwa makali na hayakuwa na hatari. Ya mjomba hata yeye mwenyewe hakuyaita maumivu. Nilimuuliza "unaumwa?" akajibu "siumwi", na kwa kweli hakunidanganya. Wengi husema ni uzito, ni kubanwa, ni kuchoma, ni kama kuna gunia. Wanawake, wazee na watu wenye sukari wanaweza wasipate hata huo uzito: wanaishiwa pumzi, wanachoka ghafla, wanatapika, wanatoka jasho baridi, basi.

Kosa la tatu ndilo linaloniuma zaidi. Nilichukua kesi moja, yangu, nikaifanya kanuni. Kama mtu angeniletea programu iliyojaribiwa mara moja tu, kwenye simu moja, ningemrudishia. Halafu nikaitumia kwa mtu wa miaka 58 mwenye presha, ambaye kwa wiki mbili kifua kilikuwa kinambana akipanda mlima na kumwachia akipumzika. Hiyo pekee ilitosha. Kifua kinachobana ukifanya kazi na kuachia ukikaa ni dalili ya mishipa ya moyo iliyopungua upana: moyo unadai damu zaidi na mshipa haupitishi. Ile ilikuwa onyo, na tulikuwa na wiki mbili nzima za kulisikia.

Kwani kifua kina nini?

Hata lugha yetu inatuchanganya. Tukisema "ana kifua" tunamaanisha anakohoa. Tukisema kifua kikuu, ni TB. Tukisema "kifua kinanibana" yaweza kuwa pumu, moyo, au kodi ya nyumba. Kwa hiyo nimeyapanga hivi, kwa jinsi nilivyoelezwa:

1. *Moyo na mishipa mikubwa.* Mshipa wa moyo kuziba, ndiyo kesi ya mjomba. Utando unaozunguka moyo kuvimba: huuma ukilala chali, hupungua ukiinama mbele. Na ule mshipa mkuu utokao moyoni kuchanika kwa ndani: maumivu ya ghafla, makali tangu sekunde ya kwanza, kama kitu kinararuliwa, mara nyingi yakienda mgongoni. Hili la mwisho ni adimu, lakini linaua haraka.

2. *Mapafu.* Nimonia: homa, kikohozi, kichomi ukivuta pumzi. TB: kikohozi kisichoisha, jasho la usiku, kukonda, wakati mwingine damu kwenye makohozi. Dawa zake ni bure katika hospitali za serikali hapa Kenya, kwa hiyo hakuna sababu ya kukaa nayo. Kuna donge la damu linalotoka mguuni na kukwama kwenye pafu: kuishiwa pumzi ghafla, hasa baada ya upasuaji, kujifungua, au kukaa kitandani au safarini muda mrefu, na mara nyingi mguu mmoja umevimba. Na kuna pafu kusinyaa kwa sababu hewa imevuja nje yake, jambo linaloweza kumpata hata kijana mrefu mwembamba mwenye afya.

3. *Njia ya chakula.* Kiungulia, asidi, vidonda vya tumbo, mawe kwenye nyongo. Hii ndiyo "gesi" yetu. Ipo kweli na ni ya watu wengi. Huja baada ya kula au ukilala, na huacha ladha chungu kooni.

4. *Mbavu, misuli na ngozi.* Kesi yangu. Kubeba mizigo, kukohoa sana, kuanguka. Na mkanda wa jeshi, ambao huunguza upande mmoja wa kifua siku kadhaa kabla malengelenge hayajatoka.

5. *Hofu na msongo.* Si uongo na si uvivu. Mwili unaumia kweli. Lakini hili ni jibu la mwisho, baada ya mengine kuondolewa, si la kwanza.

Sasa angalieni jambo moja. Namba 3, 4 na 5 ndizo nyingi zaidi. Namba 1 na 2 ndizo zinazoua. Mtu wa nyumbani akikisia, mara nyingi atapatia, na ndipo anapozoea kukisia. Daktari huanza upande wa pili: kwanza anaondoa vinavyoua, ndipo anarudi kwa vya kawaida. Yule afisa wa kliniki aliyenihudumia aliujua ubavu wangu tangu niingie mlangoni, nina hakika. Lakini alipiga ECG kwanza, akabonyeza baadaye. Mimi nilifanya kinyume, tena kwa simu.

Kuna mitego miwili ya kuepuka. Dawa ya asidi ikikupa nafuu, hiyo haithibitishi kwamba moyo ni mzima. Mjomba alipata nafuu ya nusu saa. Na kifua kuuma ukikibonyeza kunapunguza wasiwasi, lakini peke yake hakutoshi.

Uende lini?

Nenda sasa hivi, usingoje asubuhi, kama uzito, kubanwa au maumivu ya kifua yamepita dakika kumi na hayaondoki ukikaa, au yanakuja na kurudi. Nenda sasa hivi pia kama yamekuja na lolote kati ya haya, hata kama ni kidogo:

- yanakwenda kwenye mkono, bega, shingo, taya au mgongo;
- jasho baridi, kichefuchefu au kutapika;
- kuishiwa pumzi, midomo kubadilika rangi;
- kuzimia au kutaka kuzimia, moyo kwenda mbio au kuruka;
- maumivu ya ghafla kama kuchanika;
- kukohoa damu, au mguu mmoja kuvimba;
- udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au kuchanganyikiwa.

Ongeza uzito wa kila moja kama mtu ana presha, sukari, anavuta sigara, ana ugonjwa wa figo, au mzazi au ndugu yake aliugua moyo angali kijana. Lakini kutokuwa na hayo si kinga, na umri wa miaka thelathini pia si kinga.

Nenda leo au kesho, usichelewe zaidi, kama kifua kinabana unapopanda mlima na kuachia ukipumzika, kama una homa na kichomi, au kama kikohozi kimefika wiki mbili. Na kama kile cha kubana wakati wa kazi kimeanza kuja mara nyingi zaidi, au kimeanza kuja ukiwa umekaa, rudi kwenye orodha ya kwanza.

Na yale mengine, ya ubavu unaouma ukigeuka, ya kiungulia baada ya kula? Hayo yanaweza kungoja siku ya kliniki. Ukiwa huna hakika ni lipi, basi hujui, na asiyejua huenda.

Mashine yenyewe

Najua kuna wasomaji hapa waliosubiri sehemu hii. ECG haipigi picha ya moyo. Inasoma umeme. Kila pigo la moyo ni wimbi la umeme linalopita kwenye misuli, na misuli inayokosa damu hulipitisha vibaya, kwa hiyo mchoro hubadilika umbo. Ndiyo maana hutumia mistari 12: ni moyo mmoja ukitazamwa kutoka pembe 12, ili ijulikane ni ukuta upi ulio mashakani.

Aliyeifanya iwezekane ni Mholanzi Willem Einthoven, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mashine yake ya kwanza ilikuwa na uzito wa takriban kilo 270 na ilihitaji watu watano kuiendesha. Isingeweza kuhamishiwa wodini, basi mwaka 1905 akaunganisha waya wa simu kutoka hospitali ya mji wa Leiden hadi maabara yake, umbali wa kilomita 1.5, na akarekodi moyo wa mgonjwa ambaye hakuwapo chumbani mwake. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka ile picha ya WhatsApp iliyotoka Makueni alfajiri ile. Wazo lenyewe lina zaidi ya miaka mia moja. Waya ndio uliobadilika.

Miongozo ya kimataifa inataka mtu mwenye kifua kinachotia shaka apigwe ECG na isomwe ndani ya dakika kumi tangu aingie. Ukifika na kuketi kwenye benchi, usiwe na adabu kupita kiasi. Sema kwa sauti: "Nina uzito kifuani tangu saa fulani." Hiyo saa ndiyo data muhimu kuliko zote, iandike.

Lakini ECG ikiwa safi, kazi haijaisha. Kuna kipimo cha damu cha troponini, protini ambayo hukaa ndani ya misuli ya moyo na kuvuja misuli inapoumia. Huchukua saa kadhaa kupanda, kwa hiyo hupimwa, kisha hurudiwa baada ya saa chache. Ukiambiwa usubiri kipimo cha pili, subiri. Wanaokusubirisha hawajachanganyikiwa, wanatafuta kama namba inapanda.

Kuhusu aspirini: mwaka 1988 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao ISIS-2, wenye wagonjwa 17,187. Aspirini, dawa ya bei ya chini kabisa dukani, ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa karibu asilimia 23 katika wiki tano za kwanza. Kipimo cha kawaida ni miligramu 300, au karibu na hapo, ya kutafuna na si kumeza nzima. Asipewe mwenye mzio nayo, mwenye vidonda vinavyotoa damu, mwenye dalili za kiharusi, wala mwenye yale maumivu ya kuchanika. Kama unaweza kumpigia mhudumu wa afya, muulize kwanza huku gari likiwashwa. Aspirini ni ya njiani, haichukui nafasi ya safari.

Mpango wa kwetu

Vitabu vingi huandikwa kana kwamba kila mtu anaishi ng'ambo ya barabara kutoka hospitali. Kaunti ya Kitui pekee ina eneo la takriban kilomita za mraba 30,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 humo. Dawa za kuyeyusha donge la damu hutolewa ndani ya saa 12, na kila saa inayopita zinafanya kazi kidogo zaidi, misuli zaidi inakufa. Mjomba alimaliza saa kumi kabla hajafika hospitalini, na nyingi kati ya hizo nilimpa mimi.

Kwa hiyo sasa nyumbani kwetu, Kitui na Makueni, tumeandika mambo haya kwenye karatasi, ikabandikwa ukutani karibu na mahali simu zinapochajiwa:

Kwanza, namba za watu wawili wenye magari wanaokubali kuamshwa usiku, si mmoja. Bodaboda kwa mtu mwenye jasho na uzito kifuani ni ya mwisho kabisa, tena akae katikati na mtu wa kumshika nyuma. Mgonjwa asijiendeshe.

Pili, hospitali gani ya karibu ina mashine ya ECG inayofanya kazi na mtu wa kuisoma usiku. Tuliuliza mchana, kabla ya shida. Ya karibu zaidi si lazima iwe ndiyo.

Tatu, bima. Tangu Oktoba 1, 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF, na mtu hujisajili kwa kupiga *147#. Niliwasajili wazee wote siku moja, simu baada ya simu. Na wajue pia kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Usikae nyumbani ukitafuta pesa kwanza. Nenda, wengine watatafuta nyuma yako.

Nne, majina ya dawa anazomeza kila mmoja, na presha yake ya mwisho. Za mjomba sasa ziko kwenye kisanduku chenye siku saba, na mkewe ndiye anayekikagua.

Na la tano niliandika mimi, kwa kalamu nyekundu: mtu yeyote akipiga simu kuhusu kifua, asiambiwe ni nini. Aulizwe maswali matatu tu. Ilianza saa ngapi? Kuna jasho au pumzi kukatika? Gari liko wapi?

Wiki ile niliyokuwa Makueni nilimwomba mjomba msamaha, kwa mara ya tatu au ya nne. Akanikatiza.

"Mimi ndiye nilikupigia wewe badala ya daktari," akasema. "Sasa beba hiyo kreti, gari linangoja."

Nikaibeba. Mlima ule ni mkali kuliko nilivyoukumbuka.

Haya, sehemu ya pili ya ile makala ya data inakuja, safari hii kweli. Mpaka wakati huo, mpigieni mzee mmoja simu mumuulize kama amemeza dawa ya presha leo.